Usimpe Askari Jembe Bure: Mambo Tisa, Tukihesabu Kurudi Nyuma

Mpwa wangu ana mchezo wa vita. Ramani yake ni migongo ya kalenda tatu za zamani alizozigandisha pamoja kwa uji mzito, kisha akazigawa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Vikosi ni vifuniko vya soda. Dadu ni mbili, moja imeng'atwa na mbwa. Uwanja wa mapambano ni meza yangu ya chakula hapa Lurambi, Kakamega, ndiyo maana siku za Jumapili sote hula tukiwa tumepakata sahani.

Mchezo unahusu vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki, Mwingereza akimfukuza Mjerumani kichaka kwa kichaka. Una pia sura ya nyongeza ya mwaka 1895, ambayo nitaifikia mwisho, hasira zangu zikiwa zimepoa.

"Khotsa," akaniambia siku moja, "tuongeze mahandaki."

Khotsa ni mjomba, ndugu wa mama. Mama yake ni dada yangu, na sisi ni Wawanga wa upande wa Mumias. Baba yake ni Mbukusu wa karibu na Webuye. Yashike hayo mawili, yana deni huko mbele.

Sheria aliyoileta ilikuwa ya mstari mmoja: kikosi kikitangaza kimechimba, kinapata alama 3 za ulinzi. Kikitangaza! Kama kuchimba kungekuwa kutangaza, boda boda wote wa stendi ya Kakamega wangekuwa na visima. Tumebishana wiki sita. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na machache ambayo nimeyalazimisha kwa kuwa meza ni yangu.

9. Jembe halina kitufe

Mwaka jana nilichimbiwa shimo la choo. Siku ya kwanza fundi alifika magotini, siku ya pili kiunoni, siku ya tatu akafika bei mpya. Nililitoa shimo hilo kama ushahidi, mpwa wangu akalikataa. Nikamkumbusha kwamba *Panzer General*, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1994 anaousifia, hauwapi askari handaki kwa mara moja. Kila zamu wakikaa mahali pamoja wanazama kidogo zaidi ardhini, na kila wakishambuliwa kinga hiyo inamomonyoka. Hapo akakubali. Hoja ikitoka kwenye kompyuta ni elimu, ikitoka chooni ni ukaidi wa wazee.

Kwa hiyo: zamu ya kwanza alama 1, ya pili 2, ya tatu 3. Ukihama unaanza upya. Handaki halibebeki.

8. Nyuki

Tanga, Novemba 1914. Waingereza wameshuka na jeshi kubwa kutoka India, risasi zinapita kwenye mizinga ya nyuki, na nyuki wanatoka bila kuuliza nani ni wa nani. Handaki halikusaidii hapo. Ni shimo, nawe umo ndani, nao wanaruka. Dadu zikitoa moja na moja, kila kikosi kilicho ardhini kinaacha silaha na kukimbia vyumba viwili. Sheria hii haijawahi kupingwa na upande wowote.

7. Mvua ina kura

Watengenezaji wengi wa michezo hii wanaishi kwenye nchi ambazo mvua ni taarifa ya habari. Huku Kakamega tunapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na alasiri bila ngurumo tunaitilia shaka. Chimba hapa handaki la futi nne mwezi wa Aprili, ulale, uamke: una bwawa la kambare.

Waliokwenda Burma na jeshi la King's African Rifles walilijua hilo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukumwa chini ya bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, matope yakimeza magari, malaria ikifanya kazi ambayo Mjapani hakuwa na haraka nayo. Mjapani mwenyewe alikuwa amejichimbia kwa magogo na udongo, na ukisoma habari zile unaona kwamba wakati mwingine adui wa pande zote mbili alikuwa ndoo ya kuchotea maji.

Sheria: zamu za mvua, handaki linapoteza alama 1, isipokuwa mwenye handaki alitumia zamu nzima kuchimba mfereji wa kutolea maji. Mpwa wangu akalalamika kwamba hakuna anayecheza mchezo wa vita ili achimbe mitaro. Nikamwambia hata waliopigana hawakwenda kwa ajili hiyo.

6. Dhahabu

Hili nililitia kwa utani, likakataa kutoka. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana huku kwetu, na kufumba na kufumbua wazungu wakaja na mahema, masinia ya kuoshea mchanga na macho mekundu. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, ili wachimbaji wapite. Mgodi mkubwa wa Rosterman, hapa hapa mjini, ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini kule Ikolomani watu wanachimba hadi leo, kwa mikono na kwa imani.

Basi kikosi chochote kitakachochimba kwenye vyumba vya Kakamega kinatupa dadu. Ikitoka sita, kimeona mshipa wa dhahabu na kimejiondoa vitani. Hakirudi. Hakijibu barua.

Mpwa wangu akiwa Mjerumani hapiti tena Kakamega, ingawa Mjerumani wa kweli hakuwahi kufika. Anasema ni kwa sababu za kimkakati. Mimi nimemwona akipiga dadu kwa siri.

5. Mlango

Nenda Migori ukaone Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, mahali fulani zikifika mita nne kwenda juu, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. UNESCO waliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Watu husimama wakashangaa ukuta. Mimi nilishangaa mlango: mfupi kiasi kwamba unaingia umeinama, kichwa mbele, kama mwenye kuomba radhi. Mwenye rungu upande wa ndani hahitaji shabaha.

Hiyo ndiyo akili yote ya ngome. Ukuta ni wa kumchelewesha mtu, ila mlango ndio unaoamua aingie vipi, na wewe utoke vipi. Handaki lolote kwenye mchezo wetu sasa lazima lichorwe mlango, kwa penseli, upande mmoja wa pembe sita. Kutokea upande mwingine ni marufuku. Mpwa wangu aliipitisha sheria hii bila kuitafakari sana. Ikumbuke.

4. Bao lilishatufundisha, hatukusikiliza

Nilifanya kazi Mombasa miaka minne na nilichorudi nacho ni kikohozi na bao. Bao la Waswahili, la safu nne za mashimo manane, kete 64, lina shimo moja la mraba linaloitwa nyumba. Mchezo unaanza nyumba ikiwa na kete sita, nawe unaendelea kuzirundika humo zamu kwa zamu. Ni ngome kamili, na mtengeneza mchezo yeyote anayetafuta sheria ya kujichimbia asiende mbali.

Uzuri wake ni huu. Ukila kete za mwenzako, na mtawanyo wako ukaishia nyumbani kwako, unaulizwa: unalala, au unasafiri? Ukilala, mali yako imetulia. Ukisafiri, unaimwaga nyumba yote na kuizungusha ubaoni, labda uvune, labda uanike mali yako kwa adui. Wazee wa Mombasa walikuwa wakinitazama nikilinda nyumba hadi mwisho kama mtu anayelinda jeneza. Mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizo kete unamwekea nani?"

Muulize Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe hawakuwa nyuma ya ukuta wowote. Walikuwa kwenye majani na mawe, wakakiangukia kikosi cha Wajerumani kikiwa safarini na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Nyumbani, Kalenga, Mkwawa alikuwa na ngome ya mawe ambayo watu waliitazama wakaona haina wa kuiingia. Oktoba 30, 1894 Wajerumani waliipiga kwa mizinga, wakapanda ukuta, wakaingia. Kisha Mkwawa akiwa hana tena ukuta wa kulinda, akawahangaisha porini hadi 1898.

Hesabu mwenyewe ni lini alikuwa hatari zaidi. Mpwa wangu alihesabu, akanyamaza, akatia sheria kwamba kikosi kilichokaa handakini zaidi ya zamu tano kinapoteza hatua moja ya mwendo kinapotoka. Miguu imekufa ganzi. Akaiita sheria ya jeneza.

3. Salaita, au jinsi ya kupigana na kilele kitupu

Hapa nitakaa kidogo, chai bado ipo.

Februari 12, 1916, karibu na Taveta, Waingereza walileta askari wapatao 6,000, wengi wao Waafrika Kusini ambao vumbi la nchi hii lilikuwa halijawazoea, wakichukue kilima cha Salaita. Si kilima cha kutisha. Ni nundu ya ng'ombe iliyosimama peke yake kwenye tambarare ya miiba. Asubuhi mizinga ikaanza kutwanga kilele, ikatwanga vizuri, mawe yakaruka, moshi ukapanda, na maofisa kwa darubini zao bila shaka waliridhika.

Kasoro ilikuwa ndogo tu. Wajerumani na askari wao hawakuwa wamejichimbia kileleni. Mahandaki yenye watu yalikuwa chini, miguuni mwa kilima, yamefunikwa na vichaka. Waafrika Kusini walipokaribia kumaliza kazi ambayo mizinga ilikuwa imeshamaliza, vichaka vikaanza kufyatua. Kufika alasiri walikuwa wanarudi walikotoka, na si kwa mwendo wa gwaride.

Mpwa wangu alicheka hadi akamwaga chai juu ya Ziwa Victoria.

Tukaandika sheria mbili. Kikosi kilichojichimbia kinageuzwa kifudifudi, usione ni soda gani, na kila upande unaruhusiwa vifuniko vitatu vitupu ambavyo ni mahandaki ya uongo. Mizinga ikipiga handaki la uongo inatumia risasi zake zote, na mwenye handaki anaruhusiwa kuugulia kwa sauti ili kudanganya. Dada yangu alikuja kuona ni nani anayekufa sebuleni.

Lakini Salaita ina nusu ya pili, nayo ndiyo niliyoipigania. Mwezi uliofuata jenerali Smuts alikuwa ameshika usukani wa Waingereza, na hakukipanda kile kilima. Alituma jeshi lake likazunguke kwa upande wa Chala. Wajerumani wakaona wanaachwa ndani ya mtego wa mikono yao wenyewe, wakaondoka. Kazi yote ile ya majembe wakawaachia mijusi.

Kwa hiyo handaki letu lina uso. Linalinda pande tatu za mbele, na nyuma ni mgongo mtupu. Tuligombana juu ya nani anaamua mbele ni wapi, kwa sababu mpwa wangu alikuwa na tabia ya kusema mbele ni popote ninapotokea mimi.

Na kwa anayedhani kushinda ukiwa handakini ni kushinda tu, kuna Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, Oktoba 1917. Siku nne Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashikilia Waingereza kutoka kwenye mahandaki yake, wakapoteza zaidi ya watu 2,000. Yeye alipoteza mia tano na ushei kati ya kama 1,500 aliokuwa nao, na hakuwa na pa kuwapata wengine. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Alishinda pambano akahama nchi.

2. Nani ameshika jembe?

Kwa wiki nne tulibishana kuhusu kuchimba na hakuna aliyeuliza nani anachimba. Swali lilitoka kwa dada yangu, akiwa anapanguza Ziwa Victoria.

Kwenye vita vile, upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inakaribia 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Majina ya mitaa miwili tunayapita kila siku bila kuyasikia: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yote mawili ni Carrier Corps iliyotamkwa na watu waliobeba mizigo yenyewe. Walibeba mahindi, risasi, mabomba, majeruhi, vitanda vya maofisa. Njia zilihitaji kukatwa, kambi zilihitaji kuzungushiwa miiba, na si ofisa aliyekata.

Sheria ikawa hivi. Kila upande unaanza na maharagwe 100, hayo ndiyo wapagazi. Chakula hakisogei bila maharagwe. Ukitaka kuchimba, unaondoa maharagwe matano njiani na kuyaweka kwenye handaki, na zamu hiyo chakula kinapungua. Chakula kikipungua, unatupa dadu na kuondoa maharagwe mengine mezani kabisa.

Mchezo wa kwanza tulioucheza hivyo nilimaliza nikiwa na maharagwe 61. Hakuna hata moja lililopigwa risasi. Dada yangu aliuliza kama ayapike yaliyobaki, na hakuna aliyemjibu upesi.

1. Chetambe

Sasa ile sura ya 1895.

Wabukusu walikuwa watu wa kuta muda mrefu kabla ya kalenda za mpwa wangu. Vijiji vyao vilizungushiwa kuta za udongo na mitaro, chingoba wanaviita, na vilifanya kazi: wavamizi wa mifugo walikuja, wakatazama mtaro, wakakumbuka shughuli nyingine. Kisha Mwingereza akaweka kituo Mumias, kwa Nabongo Mumia wetu, aliyetawala tangu 1882. Kukatokea ugomvi wa bunduki ambazo Wabukusu walitakiwa kuzirudisha, askari wa Kisudani waliotumwa wakauawa, na mwaka 1895 ofisa wa Kiingereza, C. W. Hobley, akapanga safari ya kulipiza. Kwanza ngome ya Lumboka. Halafu Chetambe, kilimani juu ya Webuye, kwa boma lenye jina la mzee wa Kitachoni, watu, ng'ombe na nafaka vikiwa ndani. Mtaro ulikuwa mzuri. Ulichimbwa kwa ajili ya mikuki. Bunduki ya rasharasha haikuwa imeutaarifu kwamba inakuja.

Na Wawanga walikuwa upande gani? Ndiyo, nashukuru kwa kuuliza. Tulikuwa na Hobley.

Kwa hiyo mkiniona mimi na mpwa wangu tumeinama juu ya chumba kimoja cha pembe sita, fahamuni kwamba babu zetu walishakutana hapo, na si kwa chai. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa na mcheza kandanda aliyewahi kuichezea Kenya, aliwapeleka wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Miaka hamsini na miwili ilikuwa imepita na kidonda bado kina anwani. Ukienda leo, mtaro unaonekana, nyasi zimeulalia.

Mpwa wangu huchukua Wabukusu kila mara, na kila mara hushindwa. Alama 3 za ulinzi, mtaro kamili, maharagwe tele, na zamu ya nne bunduki yangu inafika nami naingia. Nilimwonea huruma nikampa alama ya nne. Akashindwa kwa heshima zaidi. Kila mtu mezani alijua tatizo si kimo cha ukuta, ila hakuna aliyetaka kumwambia kijana wa Kibukusu la kufanya na Chetambe.

Jumapili iliyopita alicheza kimya. Zamu ya kwanza hakuongeza mtaro. Zamu ya pili vifuniko vyake vyote vilikuwa kifudifudi ndani ya boma, kama kawaida. Zamu ya tatu nilimsikia akikohoa na kusogeza sahani. Ya nne nikaleta bunduki yangu, nikatupa dadu, sita na tano, nikasimama kwenye kiti changu mwenyewe na kuingia Chetambe kwa kelele ambazo Nabongo asingeona haya nazo.

Nikageuza kifuniko cha kwanza. Kitupu. Cha pili. Kitupu. Cha tatu.

"Handaki la uongo, khotsa," akasema. "Yale yale ya Salaita."

"Watu wako wapi?"

Akanionyesha mstari mdogo wa penseli kwenye ukingo wa boma, upande wa kaskazini. Mlango. Nilikuwa nimeusaini mwenyewe, jambo la tano. Vifuniko vyake vyote, na maharagwe yake yote 100, vilikuwa nyuma ya sahani ya ugali, karibu na Kimilili.

Nimekata rufaa kwamba sahani si sehemu ya ramani. Kesi itasikilizwa Jumapili, na hakimu ni dada yangu, aliyezaliwa Mwanga na kuolewa Bukusu, ambaye amesema hatasikiliza neno lolote hadi meza ya chakula irudishwe.